X ya Mwalimu

Candida alichora ile X kwa sababu ya mikojo.

Watu walisema mengi baadaye, wengine wakamtungia sababu kubwa kubwa, lakini sababu ilikuwa hiyo tu. Ukuta wa ubavuni wa nyumba ya mama mkwe wake, ule unaotazama kichochoro, wapita njia wa Kariakoo walikuwa wameugeuza choo. Wachuuzi, wabeba mizigo, wanaume wenye tai wanaotoka benki, wote wakifika kwenye ile kona walisimama, wakatazama juu kama wanaokagua nyaya za umeme, wakajisaidia. Candida alishaandika pale USIKOJOE HAPA kwa herufi kubwa. Wakazikojolea herufi.

Kwa hiyo Madamu Caroline alipowapa zoezi la utamaduni wa picha, Candida hakuhangaika kutafuta mahali.

"Mtakwenda kufundisha sanaa watoto ambao macho yao yameshafundishwa na mtaa," Madamu aliwaambia wanachuo wake, akitembea katikati ya madawati huku miwani ikiwa kichwani. "Mtoto hajajua kusoma jina lake, lakini anajua kichwa kilichosukwa kwenye ukuta ni saluni, na samaki juu ya mlango ni hoteli. Nani kamfundisha? Ninyi mnakwenda na machungwa yenu ya kuchora, mnadhani mnaanza upya. Sasa kila mmoja achore alama moja mtaani kwake. Neno hata moja sitaki. Kaa pembeni, tazama watu wanaisomaje. Tumieni chaki au mkaa, kitu kinachofutika. Na msichafue ukuta wa mtu."

"Wa nyumbani kwako je, Madamu?" Candida aliuliza.

"Wa nyumbani kwako ni wako."

Si wangu, Candida alijisemea, ni wa mama mkwe. Ila hakulitamka, maana darasani alikuwa mkubwa kuliko wote na hakupenda wenzake wajue kwamba mtu wa umri wake bado anaishi na mume na mtoto katika chumba kimoja nyumbani kwa mama wa mumewe. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi kabla ya kurudi chuo kusomea stashahada ya sanaa. Mkono wake uliyajua madaftari ya watoto kuliko ulivyojua brashi, na ulijua alama mbili tu: vema na X. X maana yake umekosea. Nani asiyejua?

Chaki aliikataa. Chaki ingeondoka na mkojo wa kwanza. Akachukua kopo la rangi nyekundu ya mafuta ambayo mumewe, Beno, aliibakiza alipopaka nondo za dirisha. Alfajiri, kabla wapangaji hawajaamka kugombea bomba, akachuchumaa kichochoroni na kuchora X moja, chini chini, pale pale palipolowa, yenye ukubwa wa sinia. Mstari wa kwanza mfupi. Wa pili mrefu, wenye mkia unaoruka juu, kama mkono wa mwalimu unavyofanya unapokimbilia hesabu inayofuata. Akanawa, akavaa, akaenda zake chuo.

*

Aliporudi alimkuta Zena juu ya kigoda, anang'oa kioo ukutani.

Zena alipanga chumba cha mbele, alikokuwa na saluni yake. Vichwa vitatu vya wanawake waliosukwa vilikuwa vimechorwa nje ya mlango wake, kila kimoja na shingo ndefu kupita uwezo wa binadamu.

"Unahamisha kioo?" Candida aliuliza.

"Nahamisha na roho yangu, mwalimu. Mimi katapila halitanikuta na mteja kwenye draya."

"Katapila la nini?"

Zena alimtazama kama mtu anayemtazama aliyelala kwenye msiba. "Hujaona? Wametupiga X."

Candida alicheka. Kicheko hicho kilimsuta kwa siku nyingi, kwa sababu alipogeuka alimwona mama mkwe wake barazani, Bibi Clotilda, ameegemea nguzo, khanga imemlegea, jirani anampepea kwa kifuniko cha ndoo. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Eliasi, alisimama mbele yao amekunja mikono nyuma. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na kila aliyefika alipelekwa kichochoroni kuonyeshwa, akarudi anatikisa kichwa.

"Shikamoo Mzee," Candida alisema. "Ofisini kwako kuna barua yoyote?"

"Marahaba. Barua sina. Lakini siku hizi mwalimu, barua inakuja nyuma ya katapila."

"Lakini X yenyewe ndogo, tena iko chini..."

"Wewe unataka wachore juu ya bati ndiyo uamini?" jirani mwenye kifuniko alimkata. "Wenzio wanachora usiku, wanakimbia."

"Mama, sikiliza," Candida alianza, akapiga magoti mbele ya Bibi Clotilda.

"Usiniambie kitu," Bibi alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Yeyote aliyechora hii kitu kwenye ukuta wa Kasmir, Mungu anamwona. Amekuja kama mwizi. Hata hodi hakupiga."

Kasmir alikuwa mumewe, marehemu. Watu waliitikia amina. Candida alikuwa bado amepiga magoti, na kwenye ukucha wa kidole gumba aliona tone la rangi nyekundu lililogoma kutoka asubuhi. Akakunja ngumi. Alijiambia atasema ndani, watu wakiondoka, amwambie Beno kwanza. Jambo la nyumbani lisemwe nyumbani.

*

Beno alicheka hadi akaziba mdomo kwa mto.

"Ni wewe? Mama Stella, ni wewe umeutia mtaa wote presha?"

"Nilitaka waache kukojoa."

"Na wameacha?"

"Hata. Mmoja nimemkuta sasa hivi. Anakojoa huku anatusikitikia."

Beno alicheka tena, kisha kicheko kikakatika katikati. Aliketi kitandani, kati ya mabegi na karatasi za michoro za mkewe, ambazo hazikuwa na mahali pengine pa kukaa. Alikuwa mtunza stoo wa Elimringi, mfanyabiashara wa vyombo vya jumla mtaa wa pili, na Elimringi alikuwa akikitaka kiwanja hiki tangu zamani ajenge ghorofa. Kila mara Bibi alimjibu kwa adabu na kumpa uji. Kila mara Elimringi alikunywa uji, akashukuru, akaenda kumuuliza Beno: mama yako anangoja nini?

"Nitamwambia kesho asubuhi," Candida alisema. "Akishatulia."

"Usiseme kwanza."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia usiseme kwanza. Presha imepanda. Unataka kumuua kwa mshtuko wa pili?"

Lilisikika kama neno la mtoto anayempenda mama yake. Candida akalikubali, kwa sababu lilimpa siku moja zaidi ya kutotukanwa.

Asubuhi alikwenda kichochoroni na tambara na mafuta ya taa, afute. Hakufuta. Juu ya X yake palikuwa na maneno mekundu, yamenyooka kama yamepigwa rula: JENGO CHAKAVU. BOMOA. Pembeni namba, na mshale. Aliporudi chumbani, brashi aliikuta chini ya kitanda chao, bado mbichi, imefungwa kwenye gazeti.

"Baba Stella," alisema, ameishika. "Hii nini?"

Beno alikuwa anafunga vifungo vya shati. "Hiyo ni nyumba ya Kigamboni."

"Umemdanganya mama yako mzazi."

"Nani kaanza? X ni yako, mwandiko ni wangu. Ukienda kusema, nenda ukaseme vyote. Sema kwamba mwalimu, mwanachuo, mtumishi mtarajiwa, anachora alama za serikali kwenye nyumba za watu. Tena mmekatazwa rangi ya mafuta, umeniambia mwenyewe. Chuoni wakikusikia utamaliza?" Alisogea akashusha sauti, akawa mpole, na upole ndio ulimtisha zaidi. "Sikiliza, mke wangu. Hii nyumba imechoka. Ipo siku itaanguka yenyewe na sisi ndani. Bosi anatoa hela nzuri. Tunanunua nyumba ng'ambo, mama anapata chumba chake kina vigae, Stella anapata kitanda asilale chini kama mgeni. Wewe unapata meza ya kuchorea. Si ulikuwa unalilia meza?"

Ndiyo. Alikuwa amelilia meza.

*

Jumapili walivuka kwa pantoni kwenda kuiona. Beno alimwambia mama yake wanakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Ilikuwa nyumba ya kawaida, haijapakwa rangi, mwenye nyumba anataka kurudi kwao. Candida aliingia akiwa ameapa kutoipenda. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha pana linalotazama mpapai, na chini ya dirisha ukuta mrefu mtupu, wa kutosha meza na mtu aliyekaa bila kukunja magoti. Alisimama pale. Alipima kwa viganja bila kujua kwamba anapima.

"Unaona?" Beno alisema mlangoni.

"Nyamaza," alimjibu. Lakini alisema polepole, na Beno akajua amempata.

Kwenye pantoni wakati wa kurudi alijaribu kuupanga uwongo ukae vizuri. Ni kweli nyumba ni chakavu. Ni kweli ipo siku watakuja watu wa kweli na X ya kweli. Mama atapata vigae. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na zote kwa pamoja zilikuwa wizi. Alikuwa amesahihisha hesabu za namna hiyo maisha yake yote: mtoto amepatia kila mstari, jibu la mwisho si lake, amelitazama kwa jirani.

*

Bibi Clotilda alikubali kuuza kwa sentensi moja, wakati anachambua mchele.

"Mwambie tajiri wako aje na karatasi zake. Bora nitoke kwa miguu kuliko kutolewa kwa kijiko cha katapila."

Zena alikuwa ameshahama. Alipata kijichumba huko ndani sokoni, kodi juu, mwanga hakuna, na wateja wake hawakujua kilipo. Vile vichwa vitatu vya shingo ndefu vilibaki ukutani vikitangaza saluni isiyokuwepo. Wanawake walikuja, wakasukuma mlango, wakageuka.

Chuoni ilifika zamu ya kuwasilisha. Goodluck, kijana mchangamfu kutoka Ilala, alikuwa amechora mshale kwa chaki mbele ya genge la mboga, unaoelekeza ukuta mtupu. Watu waliufuata. Mmoja alifika ukutani, akaugusa, akarudi kuulizia duka limehamia wapi.

Darasa lilicheka. Madamu Caroline alicheka hadi miwani ikamwangukia machoni. "Mmeona nguvu ya alama? Neno unaweza kubishana nalo. Alama hubishani nayo, unatii kwanza." Akageuka. "Mama Candida. Yako mtaa uliisomaje?"

Candida alisimama. Wote walimtazama kwa heshima, kama kawaida yao kwa mama mtu mzima anayesoma na watoto.

"Hawakuiona, Madamu."

"Hawakuiona kabisa?"

"Walipita tu."

"Ulichora nini?"

"Duara," alisema Candida.

Madamu aliirudisha miwani kichwani. "Rudia zoezi," alisema, bila ukali. "Alama isiyosomwa na mtu si alama. Ni uchafu."

Akaketi. Goodluck alimnong'oneza, "Usijali mama, duara ni ngumu." Candida alitamani amzabe kibao na alitamani amkumbatie.

*

Alijaribu kusema. Hilo lazima lijulikane, maana baadaye walisema alikaa kimya. Alimfuata Bibi uani, siku moja kabla ya kutia saini, Beno akiwa kazini. Bibi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu na mchanga, sufuria ambazo alikuwa ameshaamua kuziacha.

"Mama, ile X niliichora mimi."

Mkono wa Bibi uliendelea kusugua.

"Mama, umenisikia? Nilichora mimi. Ilikuwa kazi ya chuo. Halafu nilitaka watu waache kukojoa pale."

"Na yale maneno?"

Yangu naweza kukiri, Candida alijisemea, lakini ya mumewe, mtu anayakiri vipi?

"Na yale maneno mimi," alisema mwishowe.

Bibi aliweka sufuria chini, akamtazama. Kisha akatabasamu, tabasamu la huruma, na Candida akaona ukuta unajengeka mbele yake tofali kwa tofali.

"Mwanangu Candida. Mimi mwandiko wako naujua. Unaandika herufi zimelala kama zina homa. Yale maneno ya mtu wa ofisi. Usijipake uchafu wa watu ili mimi nisiuze. Najua unanionea huruma. Mungu akubariki." Akaokota sufuria. "Ninyi walimu mnafikiri kila kitu kimeandikwa na ninyi."

"Mama, nakuapia..."

"Usiape. Nimeona kwa macho yangu. Unataka niamini maneno yako niache macho yangu?"

Usiku Beno alijua, kwa sababu Bibi alimsimulia kama habari njema: mkeo ana moyo. Beno hakumgombeza. Alilala akamgeuzia mgongo, akasema gizani, "Umeona? Hata ukisema, hakuna njia."

*

Elimringi alikuja asubuhi, na mwanasheria kijana mwenye mkoba, na Mzee Eliasi kama shahidi wa mtaa. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayesalimia hadi paka. Aliketi kwenye mkeka wa baraza ingawa aliletewa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Uji upo."

"Leo uji ni wa mwisho, nitakunywa mabakuli mawili." Akapokea bakuli kwa mikono miwili. "Mama, nataka ujue, bei yangu ni ile ile. Sijaipunguza kwa sababu ya X. Mimi nanunua ardhi. Nyumba sikuwahi kuihesabu."

Alidhani anamfurahisha. Bibi Clotilda aliangalia nguzo ya baraza, mahali ambapo mgongo wake ulikuwa umeisugua hadi ikang'aa, akasema, "Asante."

Mwanasheria alitoa karatasi, kidau cha wino wa dole gumba, na muhuri. Akaanza kusoma haraka haraka kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingine mbele. Bibi aliinua mkono.

"Asome mkwe wangu. Ndiye mwalimu wa nyumba hii. Nataka niondoke nimeelewa."

Beno, aliyekuwa amesimama nyuma ya bosi wake, alimtazama mkewe. Candida alipokea karatasi. Alisoma jina, akasoma mipaka: upande wa mbele barabara, upande wa kulia kichochoro. Alisoma kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, inayofika dawati la nyuma, na majirani waliokusanyika walitikisa vichwa kwa kuridhika.

"'Mimi, Clotilda Kasmir, nauza nyumba yangu kwa hiari yangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa wala...'"

Akasimama.

"Wala nini?" Bibi aliuliza.

"'Wala kudanganywa,'" mwanasheria alimsaidia.

"Endelea, Mama Stella," Beno alisema.

Candida aliweka karatasi juu ya mkeka, akaingia ndani. Walidhani amekwenda kulia. Jirani mmoja alisema, kwa kweli huyu dada amempenda mkwewe. Alirudi na kopo na brashi. Hakumwangalia mtu. Alisimama mbele ya ukuta wa mbele, mweupe, kando ya mlango, mahali ambapo kila apitaye anaona, akachovya brashi.

"Candida," Beno aliita. Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya mama yake.

Mstari wa kwanza mfupi. Wa pili mrefu, na mkia ukaruka juu.

Rangi ilichuruzika kidogo kutoka kwenye mkia.

"Mama," alisema, "maneno yangu umeyakataa. Basi tazama."

Bibi Clotilda aliinuka polepole, ameshika nguzo. Alitembea hadi ukutani, akaitazama. Akazunguka pembe ya nyumba kwenda kichochoroni, na wote wakamfuata, hata mwanasheria aliyebana mkoba kifuani. Akaitazama ile ya kwanza. Akarudi. Hapo kwenye kundi mwanamke mmoja, ambaye watoto wake wote walifundishwa na Candida, alisema taratibu:

"Huo mkia naujua. Mtoto wangu daftari zima lilikuwa na huo mkia."

Mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Na maneno?" Bibi aliuliza. Alimwuliza Candida, lakini macho yake hayakuwa kwa Candida.

Candida aliilaza brashi juu ya kopo. Alikuwa ameshatumia alichokuwa nacho.

Elimringi ndiye aliyejibu. Alikuwa amebaki kichochoroni peke yake, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Beno," alisema. "Hiyo BOMOA. Ile B yako na ile O. Naziona kila siku kwenye maboksi yangu ya sahani."

"Bosi, mimi nilikuwa najaribu..."

"Nimekunywa uji wa mama huyu miaka yote, nikikataliwa kwa heshima. Ningetaka kuiba ningeiba zamani." Alivaa viatu vyake, akipepesuka kidogo kwa sababu hakutaka kumshika mtu. "Kesho usije stoo. Mama, nisamehe. Nitarudi, sikufichi. Hii nyumba ipo siku utaiuza au wanao wataiuza. Lakini si kwa mchoro."

Akaondoka. Mwanasheria akakusanya karatasi, akafuta wino uliomwagikia mkeka, akafuata. Mzee Eliasi alikohoa, akasema jambo hili yeye hajaliona, na ofisi yake haijaliona, na hao wengine watawanyike waende kufanya biashara.

Beno alikuwa bado amesimama. Alimtazama mkewe, si kwa hasira. Kwa hasira angejua la kufanya. "Umetufunga hapa," alisema. "Umefurahi?"

"Hapana," Candida alijibu.

Bibi Clotilda alikuwa amerudi kwenye nguzo yake. Kila mtu alingoja atukane, na kama angetukana ingekuwa nafuu. Alikunywa uji ulioachwa na Elimringi, wote, bakuli la pili, akajifuta mdomo.

"Hakuna anayekwenda Kigamboni," alisema. "Na hakuna anayerudi kwao. Mtakaa hapa na mimi, wote wawili, mpaka niseme. Wewe mwalimu, futa."

*

Haikufutika.

Mwanafunzi wa sanaa wa muhula wa kwanza anajua kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na Candida alijua wakati anaipaka. Ilikauka, ikapasuka, ikadondoka kama magamba, na X ikachungulia, ya waridi kwanza, kisha nyekundu. Alijaribu mafuta ya taa. Yakalowesha ukuta, rangi ikatapakaa. Alijaribu kukwangua kwa kisu. Lakini ule ulikuwa ukuta wa zamani wa fito na udongo, na alipokwangua kidogo tu, udongo ukaporomoka mkononi na fito zikaonekana. Kuiondoa X kabisa, ingebidi abomoe nyumba.

Beno alikaa ndani siku nzima na simu. Zena hakurudi, alituma salamu kuuliza akirudi nani atamlipa hasara yake. Chuoni Candida alikwenda kwa Madamu Caroline na kumweleza yote, akiwa amesimama. Madamu alisikiliza hadi mwisho, akasema zoezi hilo ni sifuri kwa sababu ya rangi, na kwamba halijawahi kufanywa vizuri namna hiyo, na kwamba kamati itamwita. Kamati ilikuwa bado haijamwita. Kila siku alikwenda akijua huenda ikamwita leo.

Jioni hiyo alikuwa ukutani tena na ndoo ya chokaa, barazani mbele, chini ya vichwa vya Zena. Bibi aliketi nguzoni kwake, hatua chache kutoka alipo, bila kumsemesha. Mtu mmoja mwenye begi la mgongoni, mgeni wa mtaa, alipunguza mwendo.

"Shikamoo bibi. Hii nyumba wanaibomoa?"

"Marahaba. Hapana baba. Hapo mwalimu alikuwa anasahihisha."

Yule mtu alitabasamu, akaitazama X na mkia wake. "Kapata ngapi?"

Bibi Clotilda aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama mkwe wake, na brashi, na chokaa inayomtiririkia hadi kwenye kiwiko.

"Anarudia," alisema.

Mtu yule alicheka, akaaga, akakata kona ya kichochoro. Candida alimsikia akisimama. Alimsikia akianza kukojoa. Akachovya brashi, akaanza tena kutoka juu.